Jembe la Siku ya Tatu

Sauti ya kata ya kuchotea maji ikikwaruza ndani ya mtungi mtupu ni ndogo kuliko ya panya, lakini aliyezeeka na shida ya maji huisikia hata akiwa usingizini. Alfajiri hiyo ilitoka nyumba ya pili, kwa jirani yangu Siwema, kabla jogoo hajajikumbuka. Krr. Kimya. Krr tena. Nikajua amekosa hata maji ya kutia udhu. Nikaamka, nikajifunga kanga, nikachukua ndoo.

"Siwema," nikamwita dirishani, "kaa ndani. Mguu wako haujapona. Nitakuletea."

"Utaleta ndoo ngapi, Mashavu? Wageni arobaini na wawili wanaingia leo."

"Nitaleta yako kwanza."

"Na ukianguka kule bondeni, nani atakuja kukuokota? Mimi na papai hili?" Alikuwa akimaanisha mguu wake, uliovimba tangu alipoteleza mtoni mwezi uliopita. Akatoka na ndoo yake akichechemea, tukashuka pamoja. Mtoni ni mwendo wa saa nzima kushuka. Kupanda sisemi.

Sasa nieleze kidogo habari za nchi yetu, maana asiyeijua anaweza kudhani hatuna serikali. Tunayo, na inatupenda. Jina la nchi sitalitaja kwa sababu lilibadilishwa mwaka juzi, na kibali cha kulitamka jipya bado hakijafika kijijini. Kijiji chetu kinaitwa Majimengi. Tunayo Wizara ya Huruma na Likizo, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kila mwanafunzi wa chuo kikuu, likizo ikifika, anapelekwa kijijini kujitolea. Kifungu cha kwanza cha Taratibu za Kujitolea kinasema kujitolea ni hiari. Kifungu cha pili kinasema hiari hiyo ni ya lazima. Asiyejitolea hapewi Cheti cha Moyo, na asiye na Cheti cha Moyo hapewi shahada, hata awe amejifunza kupasua vichwa vya watu na kuvifunga vizuri.

Vijiji navyo vina madaraja. Sisi ni Kijiji cha Shida, Daraja la Kwanza. Kibao kinachosema hivyo kiko njia panda, na hakijawahi kuchakaa.

Shida yetu ni moja. Juu mlimani kuna chemchemi ambayo bibi yangu aliikuta ikitoka na mimi nitaiacha ikitoka. Maji yake yalikuwa yakiteremka kwa mtaro mpaka kwenye tangi la saruji katikati ya kijiji. Tangi lina bomba, unafungua, unakinga, unakwenda zako. Miaka minne iliyopita mvua kubwa iliporomosha tope, likajaza mtaro kiasi cha hatua mia mbili. Maji yakakatika. Hakuna kilichovunjika. Hakuna kinachotaka mtaalamu kutoka ng'ambo. Ni tope, na tope linataka majembe na mikono yenye nguvu kwa siku chache.

Mikono yenye nguvu ya Majimengi iko chuo kikuu. Likizo ikifika, wajukuu zetu nao hupelekwa kujitolea kwenye vijiji vya watu wengine. Wangu yuko huko mpakani, anapaka rangi ukuta wa zahanati isiyo na dawa. Aliniandikia kwamba wenyeji wa huko ni wakarimu sana na wanaonekana wamechoka.

*

Mabasi mawili yaliingia saa nne, mbele yake gari la Bwana Kitwana, Afisa Huruma wa Wilaya. Bwana Kitwana ni mtu wa adabu. Hajawahi kunipita bila kuniamkia. Ana kofia ngumu nyeupe, ile ya mafundi wa majengo, ambayo huivaa akihutubia na kuivua kazi ikianza.

"Ndugu wananchi wenye shida," alianza, nasi tukapiga makofi kwa kuwa tumetajwa. "Serikali yenu sikivu imekisikia kilio cha maji cha Majimengi. Ilikisikia mara ya kwanza, ikalipaka tangi hili rangi ya buluu. Ilikisikia mara ya pili, ikalipaka kijani. Imeendelea kukisikia bila kuchoka. Leo, katika Awamu ya Kumi na Moja, nina heshima kutangaza kwamba tangi lenu litakuwa la rangi ya maziwa."

Makofi.

"Wapo wachache wenye haraka wanaouliza, maji je? Nami nawauliza: maji yakija leo, yalikute tangi limepauka? Yatatuonaje?"

"Yanikute hata na sufuria," Siwema alisema chinichini.

Tangi lenyewe limenenepa. Rangi kumi zimelala moja juu ya nyingine, na mdomo wa bomba uliokuwa ukiingia kidole gumba siku hizi hauingii njiti ya kiberiti. Mfuniko umegandamana na tangi, hata mtu akitaka kuchungulia hawezi. Wizara hupiga picha kila awamu ikiisha. Nimeziona hizo picha. Tangi linapendeza, na sisi pembeni yake tunazidi kukonda.

Vijana wenyewe si wabaya, na nataka hilo lieleweke. Mmoja mrefu mwenye miwani alinihamishia kigoda kivulini bila kuombwa. Mwingine alivua bendeji iliyokuwa kwenye kifundo chake mwenyewe, akamfunga Siwema mguu. Watatu walimuuliza Bwana Kitwana kama kuna kazi nyingine zaidi ya rangi, akawajibu kwamba wanaweza kupaka mara ya pili.

Lakini walikuja kwa siku mbili, na hapo ndipo panaponiumiza kichwa mpaka leo.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu Majimengi hilo halisemwi tu, linafanywa. Mgeni wa siku ya kwanza na ya pili hashiki kazi. Hata shida yako humwambii, maana utamfanya ajione mzigo. Anakula wali, analala kitandani, wewe unalala mkekani. Siku ya tatu, alfajiri, anakuta jembe limeegemezwa mlangoni kwake. Hapo ugeni umekwisha, na anaweza kuambiwa lolote.

Nadhani aliyeandika zile Taratibu kule wizarani naye alizaliwa kijijini. Kifungu cha nne kinasema safari ya kujitolea ni siku mbili kamili, na jua la siku ya pili lisizame mabasi yakiwa bado yamesimama. Kwa hiyo mara kumi na moja tumepokea vijana wenye mabega, na mara kumi na moja wametuaga saa chache kabla ya jembe. Sisi tumeshika mila, wizara imeshika kifungu, na mtaro umeshika tope.

Mwaka jana nilimwomba Bwana Kitwana, "Mwanangu, waache siku moja tu zaidi."

Alinijibu kwa upole, "Bibi, siku ya tatu haipo. Nimeitafuta kwenye ratiba nzima."

Na wageni ni watu. Wanaoga, wanakunywa, wananawa rangi mikononi. Siku hiyo sisi wazee kumi na wanne tulishuka mtoni mara tatu. Jioni nilimwona kijana mmoja akisuuza brashi kwa ndoo nzima ya Siwema, ile ya alfajiri. Aliimwaga yote chini, ikawa tope jeupe. Hakujua. Nilifungua mdomo, nikakumbuka ni siku yake ya kwanza, nikaufunga.

*

Mimi nilipewa mgeni mmoja, binti mwembamba anayeitwa Mboni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Karibu. Kitanda ni chako."

"Na wewe utalala wapi?"

"Mimi silali siku hizi, nazeeka tu."

Akacheka. Akakaa kwenye mkeka, si kwenye kiti, nikampenda hapohapo. Akatazama ndoo zilizopangwa ukutani.

"Bibi, maji haya mnayatoa wapi?"

"Kunywa chai, mwanangu."

"Nimeuliza maji."

"Nami nimekujibu chai."

"Mimi ndiyo masomo yangu, bibi. Maji. Mabomba, mitaro, mambo kama hayo. Niko mwaka wa tatu." Akanyanyua mikono, yote ina rangi ya maziwa mpaka viwikoni. "Ndiyo maana wakanipa rola."

Miaka minne tumeomba mtu wa mabega tu, na huyu amekuja na mabega na elimu yake, yuko mkekani kwangu, na ulimi wangu umefungwa. Nikamwongezea sukari. Sikuwa na la kufanya jingine.

Siku ya pili tulijaza Fomu za Furaha. Mimi nilisoma elimu ya watu wazima, kwa hiyo huwasomea wenzangu. Swali ni moja: Umesaidiwa kiasi gani? Majibu ni matatu: Sana, Sana Mno, na Sina la Kusema. Mimi huchagua la tatu.

Mchana huo Mboni alishikwa na tumbo na homa. Alikuwa amekunywa maji ya mtoni kabla sijayachemsha, kwa kuwa hakutaka kuniamsha. Alijikunja kitandani kwangu, uso umekuwa mdogo, na saa kumi mabasi yalipopiga honi hakuweza hata kuinuka. Nilituma habari. Lakini Bwana Kitwana alikuwa akihesabu, na alipokuwa akihesabu hakuruhusu mtu kumkatiza. Alihesabu orodha. Orodha ilikuwa na watu arobaini na wawili, wote wapo, akatia saini. Mabasi yakaondoka jua likiwa bado juu, kama kifungu kinavyotaka.

Usiku mzima nilimpa maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Alfajiri homa ilishuka. Nikamtazama amelala, nikasema, leo nimwache, ni mgonjwa. Ndipo ng'ambo ya ukuta nikasikia krr.

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikachukua jembe la marehemu mume wangu, nikaliegemeza mlangoni.

*

Alipotoka, jua limeshapanda, alilikuta lile jembe.

"Bibi, hili jembe la nani?"

"Lako."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Umemaliza ugeni. Sasa kunywa uji, kisha niulize tena habari za maji."

Akauliza, nami nikamweleza yote: chemchemi, mtaro, tope, hatua mia mbili, mteremko ulivyo, rangi kumi na moja. Alisikiliza akiwa ameshika bakuli bila kunywa.

"Juzi nilishinda na rola mkononi," akasema. "Maji yako hatua mia mbili, na mimi nilikuwa napaka rangi."

"Ulipaka vizuri, mwanangu."

"Usinisifu, bibi."

Akamaliza uji, akachukua jembe. Nilimwambia apumzike siku hiyo, akasema ameshapumzika likizo tatu katika vijiji vitatu.

Tulikwenda wote. Wazee kumi na watatu na karai zetu za kubebea tope, na Siwema wa kumi na nne, ambaye mguu haukumruhusu kubeba, akakaa ukingoni akitoa amri.

"Wewe msomi, jembe halishikwi kama kalamu."

"Nawe bibi, mguu haushikwi kama cheo."

"Inama. Huo mgongo unamwekea nani?"

"Mchumba wa Majimengi, kama mmebakiza hata mmoja."

"Yupo mmoja, ana miaka themanini na moja. Chimba, atakuona."

Mzee mwenyewe alikuwa papo hapo na karai kichwani, akasema yeye hana pingamizi. Nilikuwa sijawasikia wenzangu wakicheka hivyo tangu tope lianguke.

Siku ya kwanza mikono ya Mboni ilitoka malengelenge, ya pili yakapasuka. Kila jioni nilimpaka mafuta ya nazi, naye aliuma kanga yangu asilie. Siku ya tano, baada ya adhuhuri, tope lililobaki lilianza kulowa kwa chini, kisha likasogea lenyewe, na maji yakapita miguuni kwetu yakienda zao kama watu waliocheleweshwa.

Bomba halikufunguka, maana lilikuwa limezikwa kwenye rangi. Mboni alilikwangua kwa kisu changu cha jikoni. Rangi ya maziwa ikatoka, chini yake ya waridi, chini yake ya machungwa, zikadondoka ganda kwa ganda, mpaka buluu, mpaka chuma. Likakohoa. Yakatoka maji mekundu, kisha ya kahawia, kisha maji.

Siwema alikinga ndoo ya kwanza. Akaitazama. Halafu akaimwaga yote juu ya mguu wake, polepole, kama mtu mwenye maji.

*

Bwana Kitwana alirudi baada ya siku mbili. Hakuja kwa sababu ya mwanafunzi aliyepotea. Alikuja kwa sababu mpita njia aliripoti wilayani kwamba wazee wa Majimengi wanaonekana wameoga.

Alishuka garini, kofia kichwani, akalisogelea bomba na kulifungua. Akalifunga haraka.

"Nani amemaliza shida hii?"

"Mimi," Mboni akasema.

Bwana Kitwana akafungua orodha. "Haiwezekani. Wewe uliondoka na basi."

"Niko hapa, afisa."

"Nakuona. Lakini uliondoka." Akakaa kwenye ukingo wa tangi, akavua kofia. Alikuwa amechoka kweli, na nilimwonea huruma. "Siku nne zijazo Mheshimiwa Waziri anakuja hapa na vijana mia moja kuzindua Awamu ya Kumi na Mbili. Anakuja kuona shida. Nitamwonyesha nini?"

"Mwonyeshe maji," Siwema akasema.

"Bibi, maji yako kila mahali. Waziri hatoki Mji Mkuu kuja kuangalia maji."

Akamsomea Mboni makosa yake, nayo yalikuwa matatu: kumaliza shida bila kibali, kutumia jembe katika shughuli ya kujitolea, na kukaa kijijini katika siku isiyokuwepo. Kisha akatoa agizo. Mtaro urudishiwe tope kabla Waziri hajafika. Awamu ikishazinduliwa, kijiji kiandike barua ya kuomba kuufukua, nakala nne, na barua itajibiwa. La sivyo Mboni hatapata Cheti cha Moyo, wala shahada.

Mimi niliitazama mikono ya binti yule. Nilimfikiria mama yake, ambaye sikumjua, aliyemlea mpaka mwaka wa tatu. Nikautazama na mguu wa Siwema, ambao kwa siku hizo mbili ulikuwa umeanza kupungua. Miaka yote hii nimekuwa mtu wa subira, na watu hunisifu kwayo. Siku hiyo sikuitaka sifa hiyo.

"Cheti kaeni nacho," Mboni akasema. "Mtaro msiuguse."

"Wazee," Bwana Kitwana akatugeukia, "chukueni majembe."

"Tumechoka, mwanangu," nikamwambia. "Nguvu tuliyokuwa nayo tumeimaliza kwenye kufukua."

"Basi nitafukia mwenyewe."

Lakini kufukia nako kunataka kibali. Akamtuma dereva wilayani kukifuata, na yeye akabaki kukisubiri. Nani ampokee? Akapokelewa kwangu. Nikampa kitanda, Mboni nami tukalala mkekani. Nikampikia wali kwa kuku. Nikamtengea maji ya kuoga ya moto, ndoo mbili, za bombani. Siku ya kwanza alikula akitazama sahani. Siku ya pili alisema, "Bibi, mnanitendea hivi, nami nimekuja kuwafukia mtaro."

"Kula, mwanangu. Wewe ni mgeni."

Jioni ya siku ya pili dereva alirudi na kibali, kina mihuri mitano.

Alfajiri niliamka, nikachukua jembe lilelile, nikaliegemeza mlangoni kwake.

Alitoka na kofia mkononi. Akasimama.

"Umeniwekea jembe."

"Ni siku ya tatu."

"Kwetu pia walikuwa wanaweka," akasema. "Mama yangu alikuwa analiegemeza upande wa kulia."

"Nami nimeliegemeza kulia."

Tukapanda naye mlimani, mimi nimebeba chupa ya chai, maana hakuwa amekunywa kitu. Mboni alitufuata kwa mbali, amekunja mikono kifuani. Bwana Kitwana alisimama juu ya lile rundo la tope tulilolitoa, akalitazama, akayatazama maji yanapita. Akaweka kofia chini. Akainua jembe.

Kule chini kijijini, kila kitu kikiwa kimelala, tukasikia kata. Haikukwaruza. Ilizama kwenye mtungi uliojaa, chubwi, ikatoka, ikazama tena. Nyumba ya Siwema iko karibu na mlima, na alfajiri sauti hupanda.

Bwana Kitwana alikaa na lile jembe hewani mpaka kata ilipozama mara ya tatu. Kisha akalishusha taratibu. Akaukagua mpini. Akautikisa.

"Bibi," akasema, "mpini umelegea. Mtumishi wa umma hawezi kufukia mtaro kwa jembe la mpini uliolegea. Kifungu cha tisa, usalama kazini."

Mpini ule mume wangu aliuchonga mwenyewe kwa mti wa mpingo, miaka thelathini na mbili iliyopita. Haujawahi kutikisika.

"Kweli umelegea," nikasema, na nikammiminia chai.

*

Ripoti aliiandika siku nzima pale barazani kwangu. Mboni alimsaidia herufi. Sikuwauliza wanaandika nini, nilikaanga mihogo.

Waziri alifika na magari tisa, nyuma yake mabasi ya wale vijana mia moja. Alikagua tangi, alikagua bomba, akanywa maji mbele ya kamera, akapanda jukwaani na ile ripoti mkononi.

"Wananchi wa Majimengi. Kwa miaka minne wabezaji wametuuliza, rangi inaleta maji? Leo rangi yenyewe imejibu. Buluu haikuleta. Kijani haikuleta. Wizara haikukata tamaa. Tulipofika kwenye rangi ya maziwa, maji yalitoka ndani ya wiki moja. Huu ni ugunduzi. Natangaza kwamba kuanzia likizo hii kila kijiji kisicho na maji kitapakwa rangi ya maziwa, mara mbili. Na vilivyo na maji vitapakwa mara moja, kama shukrani."

Makofi yalikuwa makubwa. Nami nilipiga, mikono ina mazoea.

Siwema hakupiga. Dada yake anaishi Kigongo, kijiji cha tatu kutoka kwetu, ambako mtaro umeziba kwa mwaka wa tatu sasa. "Kwa hiyo dada yangu anapelekewa rangi," akaniambia. "Mashavu, tumepata maji na tumewaponza wenzetu." Tulitaka mtaro ufukuliwe, tukaishia kuipa nchi nzima rangi.

Kibao cha shida waling'oa siku hiyohiyo, wakakipakia garini. Sisi sasa ni Kijiji Kilichoridhika, na kijiji kilichoridhika hakipelekewi vijana.

Kesi ya Mboni nayo iliamuliwa. Kwa kuwa maji yameletwa na rangi, yeye hakuchimba, kwa hiyo hana kosa. Ila kwa kuwa hakupanda basi siku ya pili, hakumaliza kujitolea, kwa hiyo atarudia. Wale vijana mia moja hawakuwa na shida ya kuzindua kwetu, wakapangiwa Kigongo siku hiyohiyo, naye akaongezwa mwishoni mwa orodha yao. Siku mbili.

Mboni alikuja kwangu kuchukua begi lake. Mimi nilikuwa nimeshalifunga jembe kwa kanga yangu ya pili, kuanzia ubapa mpaka mpini, nikampa. Akanikumbatia na vidonda vyake vya mikono, na nilisikia ganda la kidonda likikwaruza shingoni kwangu.

Mlangoni mwa basi Bwana Kitwana alikuwa amesimama na orodha, kofia kichwani. Akaona ule mzigo.

"Mwanafunzi, hicho ni nini?"

"Jembe," Mboni akajibu. Hakujua kudanganya, na nilimpenda zaidi kwa hilo.

Bwana Kitwana akakuna kidevu. "Lile la mpini uliolegea?"

"Ndilo."

"Basi kisheria si jembe. Panda."

Akapanda. Siwema akamrukia afisa, na mguu wake ule unaopona. "Na kule Kigongo, siku ya pili jioni, utahesabu watu au utahesabu orodha?"

Bwana Kitwana alitazama kama dereva wa Waziri anasikia. Kisha akatuinamia, sauti imeshuka.

"Bibi zangu, mimi siku zote nahesabu orodha."

Injini ikawashwa. Mboni alifungua dirisha, akatoa mkono uliofungwa kitambaa. "Bibi, hapa hapana shida tena. Hawatanileta."

"Wasikulete," nikamwambia. "Njoo mwenyewe. Watu zamani walikuwa wakitembeleana hivyo, bila kutumwa." Basi likaanza kusogea, nikalifuata kidogo, nikampazia sauti na yule afisa aliyekuwa bado ananing'inia mlangoni. "Nawe Bwana Kitwana. Mkimaliza ya Kigongo, rudini wote wawili mnitembelee. Msije na fomu. Na msiniletee ratiba, mkae mpaka siku ya tatu."